Walimu wawili, somo moja, kila mtu kwake: dalili na vyanzo mwanafunzi wa elimu maalumu anapopotea kwenye somo la mtandaoni

Mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu akipotea kwenye somo la mtandaoni, lawama huangukia pande mbili: mtandao ni mbovu, au mtoto huyu hawezi kujifunza kwa njia hii. Yote mawili hutokea. Lakini somo likiwa na walimu wawili, yaani mwalimu wa somo na mwalimu wa elimu maalumu, mara nyingi chanzo kiko kati ya walimu wenyewe. Darasani walizoea kuelewana kwa macho. Mmoja akiona mtoto ameduwaa, mwenzake anasogea bila kuambiwa, anainama, anamwonyesha kwa kidole. Kwenye skrini hakuna kusogea wala kuinama, na neno ulilotaka kumnong'oneza mtoto mmoja linasikika kwa darasa zima. Yale yaliyokuwa yakifanyika yenyewe sasa yanahitaji kupangwa, na yasipopangwa anayeumia ni mtoto.

Tuliyaona haya kwa wingi mwaka 2020. Tanzania ilifunga shule kuanzia tarehe 17 Machi, na nyingi zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Kenya ilifunga katikati ya Machi; madarasa machache yalirudi Oktoba, na waliobaki wakasubiri mpaka tarehe 4 Januari 2021. Vipindi vya redio na televisheni vilisaidia wengi, ila redio haimfikii mtoto kiziwi, na kipindi kilichorekodiwa hakina mwalimu wa pili wa kugundua kwamba mtoto fulani ameachwa. Wala jambo hili halikuisha na korona. Mwaka 2024 mafuriko yalisogeza ufunguzi wa muhula wa pili Kenya kutoka tarehe 29 Aprili hadi 13 Mei. Mtoto akilazwa hospitali kwa wiki kadhaa, walimu wake hujikuta palepale.

Kabla ya kwenda kwenye dalili, fanya kipimo kimoja. Baada ya somo, mpigie mtoto simu ya kawaida, au mpigie mzazi umwombe amkabidhi simu, kisha mpe swali moja tu kutoka katika somo la siku ile. Kwa mtoto kiziwi, piga simu ya video mkiwa wawili tu, wewe na yeye. Akiweza kulijibu mkiwa wawili, uwezo anao. Tatizo ni jinsi somo lilivyoendeshwa. Asipoweza hata hapo, rudi kwenye kiwango cha kazi mliyompa, au angalia kama somo lenyewe lilimfikia machoni na masikioni. Simu isipopokelewa siku mbili tatu mfululizo, acha kuchezea programu na uanze kuuliza hali ya nyumbani. Kipimo hiki huchukua dakika chache na huokoa wiki nzima ya kukisia.

Dalili: mwalimu wa pili yupo, lakini kazi yake ni kufungua mlango na kuzima vipaza sauti

Hii ndiyo dalili mama. Nyingine nyingi huzaliwa humu. Utaitambua kwa sauti: pita somo zima, uone kama mwalimu wa elimu maalumu amesema lolote zaidi ya "Juma, zima kipaza sauti" au "tunamsubiri nani tena?" Utaitambua pia kwa lugha ya walimu nje ya somo. Mmoja akisema "wanafunzi wangu" na mwingine "wale wa kitengo", yaani cha elimu maalumu, darasa limeshagawanyika.

Chanzo cha kwanza ni mtindo uliobebwa kutoka darasani bila kuangaliwa upya. Marilyn Friend na Lynne Cook, wataalamu wa elimu maalumu wa Marekani, waliainisha njia sita za walimu wawili kufundisha pamoja: mmoja afundishe na mwenzake atazame kwa makini, mmoja afundishe na mwenzake azunguke akisaidia, vituo ambavyo wanafunzi huvizungukia, makundi mawili yanayofundishwa jambo lilelile kwa wakati mmoja, kundi dogo linalofundishwa pembeni, na wote wawili kufundisha kwa kupokezana. Ile ya pili, ya kuzunguka ukisaidia, ndiyo rahisi kuliko zote darasani kwa sababu haihitaji maandalizi ya pamoja. Mtandaoni ndiyo inayokufa kwanza. Huwezi kuzunguka kwenye skrini, kwa hiyo msaidizi anabaki mlinzi wa mlango.

Zinazohamia vizuri ni makundi sambamba, kundi dogo la pembeni, na ile ya kutazama. Zoom, na Google Meet kwa baadhi ya akaunti, zina vyumba vidogo vya kugawia wanafunzi, na hapo mwalimu wa pili anapata darasa lake halisi. Msimpe kila siku watoto walewale wenye ulemavu. Wachanganyeni, na siku nyingine mbadilishane: mwalimu wa somo akae na wanaohitaji msaada zaidi, wa elimu maalumu aongoze kundi kubwa. Nasisitiza hili kwa sababu watoto husoma haraka maana ya chumba kidogo. Kikigeuka chumba cha "wasioweza", kuna siku mtoto atabonyeza kitufe cha kutoka na hatarudi. Njia ya kutazama nayo ina thamani kuliko inavyodhaniwa, mradi mtazamaji apewe la kutazama: nani anaandika, nani anatazama pembeni kila mara kama anayepewa jibu, nani hajaongea tangu mwanzo.

Chanzo cha pili ni andalio la somo linalofika dakika kumi kabla ya somo. Mwalimu wa elimu maalumu hawezi kurahisisha maandishi, kutafuta picha au kuandaa ishara za msamiati mpya kwa dakika kumi. Dawa yake si mkutano mrefu. Andalio liwe faili moja ambalo nyote mnaliandika, lenye safu mbili za ziada: nani anaongoza hatua hii, na mwenzake anafanya nini wakati huohuo. Safu ya pili ikiwa tupu kwenye hatua yoyote, hapo ndipo somo litavuja. Mwalimu wa somo aweke mada na msamiati siku mbili kabla, hata kama mifano haijakamilika.

Tatu, hakuna njia ya walimu kusemezana somo likiendelea. Fungueni mazungumzo ya WhatsApp au ya ujumbe mfupi kwenye simu nyingine, nje ya programu ya somo, na mkubaliane alama chache: moja ya "punguza kasi", moja ya "rudia swali", moja ya "nipokee, mtandao unakatika". Msitumie sanduku la ujumbe la somo kwa mambo haya. Ni rahisi mno kutuma kwa wote ulichokusudia kwa mmoja, na jina la mtoto likishatoka pamoja na hali yake mbele ya wenzake halirudishwi.

Kuna jambo moja dogo la kiufundi ambalo huharibu mengi: mwenyeji wa somo, yaani mwenye mamlaka ya kuliendesha kwenye programu, akiwa mmoja tu. Programu ikiruhusu, mwalimu wa pili apewe uwenyeji mwenza kabla wanafunzi hawajaingia, ili umeme ukikatika upande mmoja somo lisife. Na kama mnatumia Zoom isiyolipiwa, kumbukeni kikomo chake cha dakika 40. Watoto wengi wenye ulemavu wa akili au usonji huvurugwa na somo linalokatika ghafla kuliko na somo fupi. Pangeni dakika 35, muage watoto vizuri.

Dalili: mwanafunzi kiziwi yupo kwenye orodha, hajibu chochote

Kaa upande wake wa skrini kwanza. Omba mtu aingie kwenye somo kama mwanafunzi, azime sauti kabisa, kisha akueleze alichokiona. Mara nyingi atakuambia kwamba picha ya mkalimani wa lugha ya alama, au ya mwalimu anayeifanya kazi hiyo, ilikuwa inahamahama. Programu hizi huikuza picha ya anayeongea kwa sauti. Anayetumia lugha ya alama haongei kwa sauti, kwa hiyo anasukumwa pembeni kila mtu anapokohoa. Mwenyeji anaweza kuiweka picha ya mtu mmoja ikae mbele kwa washiriki wote, na mwanafunzi naye anaweza kuibandika kwake mwenyewe. Mfundisheni kufanya hivyo siku isiyo ya somo, kwa video fupi ya alama.

Yafuatayo ni ya mwili na mwanga. Dirisha liwe mbele ya mwalimu, lisiwe nyuma yake, la sivyo uso unageuka kivuli, na uso ni sehemu ya lugha. Kamera ionyeshe kuanzia juu ya kichwa hadi kiunoni. Nguo ya rangi moja inayotofautiana na rangi ya mikono. Kitenge chenye maua makubwa kivaliwe siku nyingine.

Kisha kuna mwendo wa somo. Mtoto anayesikia hutazama jedwali huku akisikiliza maelezo. Mtoto kiziwi ana macho tu: akitazama jedwali, hatazami mikono. Mwalimu wa somo akifungua ukurasa mpya na kuendelea kuongea, huyu mtoto amepoteza kimojawapo kwa lazima. Onyesha ukurasa, nyamaza, hesabu mpaka kumi, ndipo uongee. Kimya hicho hukera walimu wengi mwanzoni. Kivumilieni.

Mtandao ukiwa dhaifu, alama ndizo huumia kwanza, kwa sababu vidole vinavyokwenda kasi hugeuka ukungu. Waombe wengine wote wazime kamera ili nafasi iliyopo iende kwa mikono ya mwalimu. Ikishindikana bado, rekodi video ya dakika mbili au tatu yenye msamiati na wazo kuu, uitume kabla ya somo. Angalieni asili ya video mnazookota mtandaoni: Lugha ya Alama ya Tanzania, ya Kenya na ya Marekani ni lugha tofauti, na mtoto akipewa ishara za kigeni huchanganyikiwa kama vile yeyote angeletewa kitabu cha lugha asiyoijua.

Jambo zito kuliko yote hapa: mwalimu wa elimu maalumu akitafsiri somo zima, hafundishi. Mikono na akili yake vyote vimeshikwa na maneno ya mwenzake, hivyo hawezi kuona kama mtoto ameelewa. Kama shule haina mkalimani, gaweni muda: sehemu ya kwanza atafsiri, sehemu ya pili aongoze yeye moja kwa moja kwa alama, na mwalimu wa somo atulie atazame.

Dalili: mwanafunzi asiyeona anapoteza mahali, au anajibu swali lililopita

Chanzo hapa ni cha kiufundi, na walimu wengi hawakijui. Skrini unayowaonyesha wanafunzi kwenye somo ni picha. Programu inayomsomea asiyeona maandishi ya skrini kwa sauti, iwe TalkBack, VoiceOver au NVDA, kwa kawaida haisomi maandishi yaliyomo ndani ya picha. Ni hivyohivyo kwa picha ya ukurasa wa kitabu iliyopigwa kwa simu, na kwa faili la PDF lililotokana na skana bila kugeuzwa kuwa maandishi. Mara nyingi mtoto anasikia "picha", basi.

Mtumieni maandishi yenyewe kabla ya somo, hata kama ni ujumbe wa kawaida wa WhatsApp ulioandikwa kwa kidole. Mwenye mashine ya nukta nundu nyumbani apate muda wa kuyanakili. Wakati wa somo, mwalimu wa somo ajizuie kusema "kama mnavyoona hapa" na "hiki kikubwa kuliko kile". Atajisahau, na kumkumbusha ni kazi ya mwalimu wa pili, kwa sauti na bila aibu: "Mwalimu, tutajie namba zilizopo kwenye safu hiyo." Watoto wote hufaidika na swali hilo.

Kuna pia mgongano wa sauti mbili, ya mwalimu na ya programu inayosoma, zikitoka kwenye spika moja. Mfundisheni mtoto kuandika na kutafuta wakati wa kimya, na msimtumie ujumbe mtu anapoongea. Anayetumia Zoom kwenye kompyuta ya Windows anaweza kufungua na kufunga kipaza sauti kwa Alt na A, na kunyoosha mkono kwa Alt na Y. Hizo mbili tu zinampa uhuru mkubwa.

Kwa mwenye uoni hafifu, faili lake mwenyewe analoweza kulikuza lina faida kuliko skrini ya pamoja, hata ikiwa na herufi kubwa namna gani.

Dalili: anazima kamera, anaondoka, au analia

Kwa mtoto mwenye usonji au anayeshindwa kutulia, anza kwa kuuliza kilichobadilika dakika moja kabla. Mara nyingi ni zamu ya walimu: sauti moja imeondoka, nyingine imeingia, bila kutangazwa. Walimu mnaopokezana mnaona somo limechangamka; yeye anaona mpangilio umevunjika. Tangazeni zamu kwa maneno yaleyale kila siku, na muweke ratiba ya picha ya somo pembeni mwa skrini au kwenye simu ya mzazi: kuimba, kusikiliza, kuandika, kuaga. Hatua iliyokwisha ifutwe mbele yake.

Kamera msimlazimishe. Kuna watoto wanaosikiliza vizuri zaidi wasipoonekana, na kuna nyumba ambazo familia haitaki zionekane. Mwalimu wa pili akitaka kujua kama mtoto yupo, amwombe alama ndogo, kama kutuma namba au picha ya penseli.

Kama kilio kinarudi kila somo, aingie na mwalimu wa elimu maalumu peke yao dakika tano kabla ya wengine. Darasa likijaa polepole machoni pake, halimshtui.

Dalili: kazi zinarudi safi mno

Mwandiko wa mtu mzima, majibu yote sahihi, hata kwa mtoto ambaye darasani alikuwa anahesabu kwa vizibo. Msianze kwa kumtuhumu mzazi. Yeye amesoma maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya mwalimu, ameona kazi inamzidi mwanawe, na ameogopa mtoto ataonekana mjinga. Huo ni upendo na hofu, na vyote viwili vinahitaji kuzungumzwa kwa heshima: "Mama, nashukuru sana kwa kukaa naye. Naomba umwache akosee. Mimi natafuta mahali anapokosea ili nijue pa kuanzia." Wazazi wengi hupumua wakisikia hivyo, kwa sababu walidhani wanapimwa wao.

Kisha badilisheni aina ya kazi. Ombeni ujumbe wa sauti wa mtoto akieleza, au video ya mikono yake ikipanga vizibo. Punguzeni idadi: maswali matatu yaliyofanywa na mtoto yanawafundisha walimu mengi kuliko ishirini ya dada yake. Na chunguzeni kama nyinyi wawili hamjatoa kazi mbili. Hilo hutokea sana. Mwalimu wa somo ametuma zoezi kwenye kundi la darasa, wa elimu maalumu ametuma lake kwa mzazi pembeni, na mama ana jioni moja. Nyumbani kutoke sauti moja. Chagueni nani anawasiliana na familia ipi, na mwenzake apitishie yake kwa huyo.

Dalili: haingii kabisa

Mara nyingi nyumbani kuna simu janja moja, ni ya baba, na baba yuko kazini mpaka jioni. Au bando limeisha. Ufundishaji wa pamoja hauhitaji video ili uitwe ufundishaji. Mwalimu wa somo anaweza kurekodi maelezo mafupi ya sauti, na mwalimu wa elimu maalumu akampigia mtoto jioni kwa simu ya kawaida, hata ya kitochi, wakapitia pamoja karatasi zilizochukuliwa shuleni. Muhimu ni taarifa irudi: baada ya simu, mistari miwili kwenye faili lenu la pamoja, alichoweza na alichokwamia, ili mwalimu wa somo abadilishe maelezo ya kesho. Bila mistari hiyo kila mwalimu anafundisha mtoto wake wa kufikirika.

Hapa ndipo pia pa kufungua mpango wa mtoto binafsi, ule ulioandikwa malengo yake ya kujifunza. Malengo yake mengi yameandikwa kwa ajili ya darasani: "atakaa kwenye kundi", "atanyoosha kidole". Yaandikeni upya kwa mazingira ya nyumbani, machache, na mzazi akiwepo. La sivyo muhula utaisha bila ninyi kujua kama alisonga.

Pale ambapo marekebisho hayatoshi

Mkiwa mmebadilisha mpangilio wa somo, vifaa na kazi, na kwa wiki tatu au nne mtoto bado anarudi nyuma, hasa akipoteza yale aliyokuwa akiyaweza kama kujilisha, kuongea au kwenda msalani mwenyewe, acheni kurekebisha somo. Mtoto huyo anahitaji kuonwa ana kwa ana. Tanzania, anzeni kwa mwalimu mkuu na ofisa elimu maalumu wa halmashauri. Kenya, kwa kituo cha upimaji na nyenzo za elimu cha kaunti. Nendeni na faili lenu la pamoja, lenye tarehe, mlichojaribu na mtoto alichofanya kila mara, pamoja na rekodi mbili tatu za sauti au video kutoka nyumbani ambazo mzazi ameridhia zionyeshwe. Mwalimu wa somo aende pia, asimwachie mwenzake peke yake, kwa sababu maswali ya kwanza ya mpimaji huwa ni namna mtoto alivyokuwa darasani miongoni mwa wenzake.